Kilo Kumi, Kidonge Kimoja

Mwaka wangu wa pili chuoni Tabora nilikuwa nimeshakula sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, zote za somo la hesabu za dawa. Ya tatu ingekuwa disko, kuondolewa chuoni: kufungasha virago, kupanda gari la Ulyankulu na kumkuta mama shambani nimweleze kwamba basi tena. Mama alikuwa ameshaitangazia jumuiya nzima kwamba binti yake anasomea dawa. Nikienda likizo, wazee wa kanisani walikuwa wanaitikia shikamoo yangu kwa kuongeza, "Marahaba, daktari wetu." Sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba daktari wao akiona nukta ya desimali anatokwa na jasho.

Kilichonibeba ni kundi.

Mwaka ule chuo kilikuwa kimepata vishikwambi, na mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, aligawa darasa katika makundi ya watu watatu watatu. Kila kundi lilipewa kishikwambi kimoja. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa wa kubuni: bibi wa presha anayechanganya vidonge na miti shamba, mjamzito mwenye malaria, mtoto anayeharisha. Tunamsoma mgonjwa, tunajadiliana kwa maandishi, kila mtu akiandika kutoka kwenye simu yake anachofikiri, halafu tunakubaliana na kutuma jibu moja. Alama tunapata sawa wote.

"Mfamasia anayejifungia na akili yake peke yake ataua mtu," mwalimu alituambia siku ya kwanza. "Jifunzeni kuulizana."

Kwenye kundi langu kulikuwa na kaka mmoja wa Nzega na dada mmoja wa mjini. Kaka alitupita umri darasa zima. Kabla ya chuo alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kisukuma ambayo hakujisumbua kuificha. Dada alizaliwa palepale Tabora, jirani na soko, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye simu kuliko ulimi wangu. Mgonjwa akifunguka tu, dada ameshaandika jibu. Kaka anasoma kwanza, kisha anaandika "sawa" au "hapana, angalia tena". Mimi naweka alama ya dole gumba.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mara mojamoja niliandika sentensi niliyoinakili kitabuni, ili mwalimu akipitia mazungumzo yetu asione nimenyamaza mno. Alama zikaja nzuri. Wenzangu hawakuniuliza kitu, kwa sababu tulipendana, na kwa sababu mtu anayekubaliana na wewe kila siku humwulizi anakubali nini. Lakini nilijua kwamba sijui. Sijawahi kujidanganya katika hilo. Nilikuwa nalala na hofu na kuamka nayo, nikihesabu majuma yaliyobaki kabla ya mtihani ambao ningeufanya bila kundi. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa kwa kidole kimoja.

Kabla mtihani haujafika, tukapelekwa fildi, mafunzo ya vitendo vituoni. Kaka alipangiwa Igunga, dada akabaki mjini, mimi nikaangukia zahanati moja mbele ya Usinge, upande wa msitu wa hifadhi. Nilipanda treni hadi Kaliua, nikashuka na begi langu na ndoo, nikatafuta gari la Usinge, na kutoka hapo bodaboda. Makundi hayakuvunjwa. Kila juma kila mmoja wetu alitakiwa kuleta mgonjwa mmoja wa kweli, bila kutaja jina lake, tumjadili kwenye simu huku mwalimu akisoma.

Zahanati ilikuwa na watumishi wawili, mganga mfawidhi na nesi. Walinipokea vizuri, wakanipa dirisha la dawa kwa furaha ya watu waliochoka. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye kona ya simtanki la maji nyuma ya jengo, nao ulikuwa wa kubahatisha. Ukisimama vizuri na kunyoosha mkono, ujumbe unapita. Ukishusha mkono, umekwama.

Jumatatu ya juma la tatu, mganga alimtazama mtoto mmoja mapema asubuhi, akaandika kwenye daftari la mtoto, kisha akapanda pikipiki kwenda kwenye kikao Kaliua. Nesi alikuwa chumba cha uzazi na mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mimi nilikuwa dirishani. Aliyeniletea daftari hilo alikuwa mama kijana wa Kisukuma, amefunga mgongoni binti ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mtoto alikuwa amejaa uchangamfu. Alinyoosha mkono wa kushoto kupitia dirishani akashika kalamu yangu, tukavutana.

Daftari lilisema: kifafa, kilo kumi, fenobabitoni, miligramu tatu kwa kila kilo, usiku.

Kopo la fenobabitoni tulilolizoea, la vidonge vya miligramu thelathini, lilikuwa limekwisha. Kabatini lilikuwapo jingine, jipya, limeletwa juma lililopita. Juu yake imeandikwa mia moja. Nililiona. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu wenye huruma walitaka kunitetea kwamba sikuliona. Nililiona vizuri, nikasoma mia moja, na nikaona ni swali lililobadilishwa kidogo ili linikamate.

Ningeweza kukaa chini nikagawanya. Ningeweza kugonga mlango wa chumba cha uzazi. Badala yake nilimwambia yule mama asubiri kidogo, nikachukua kopo nikaenda nalo kwenye simtanki. Nikalipiga picha, nikaituma, kisha nikaandika: "Mtoto kilo kumi, kifafa, tatu kwa kilo. Vidonge ndivyo hivi. Nimpe vingapi?"

Dada alijibu kabla sijashusha mkono. "Tatu mara kumi, thelathini. Kidonge kimoja."

"Sawa," kaka akaandika. "Kimoja usiku."

Nikaweka dole gumba. Nilishukuru, nakumbuka, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kimoja ni namba nzuri, haina nukta. Sikuitazama picha yangu hapo juu. Ningeitazama, ningeona bado ina kisaa kidogo pembeni. Maandishi yalikuwa yamekwenda, picha haikwenda. Wenzangu walikuwa wananijibu kuhusu kidonge kilichokuwa vichwani mwao, kile cha thelathini tulichofundishiwa darasani, na mimi nilikuwa nimeshika kingine mkononi.

Nikarudi dirishani.

"Kimoja kila jioni, mama. Kisage, kichanganye na maji kidogo, umpe kwa kijiko."

"Kimoja," akarudia.

"Siku za mwanzo atakuwa na usingizi. Usiogope, ni kawaida ya dawa hii."

"Hata akilala sana?"

"Hata akilala sana. Atazoea."

Hilo tulifundishwa, kumwambia mgonjwa mapema madhara madogo ili asiache dawa. Ndilo jambo pekee siku ile nililolisema bila kumwuliza mtu.

Alhamisi nilipata ruhusa kwenda Usinge kununua sabuni. Nilikuwa nimesimama dukani simu ilipoanza kutetemeka, ujumbe wa siku tatu ukiingia na kutoka kwa pamoja. Sikujali. Haikupita dakika tano kaka akanipigia.

"Mayu," alisema, ndivyo alivyotuita wanawake wote. "Hii picha ni ya leo?"

"Ni ya Jumatatu. Ya yule mtoto wa kifafa."

Nikasikia kuku kwa upande wake, na mtu akicheka mbali.

"Soma kopo," akasema.

Nilifungua picha. "Mia moja."

"Sisi tulikwambia kidonge kipi?"

"Cha thelathini."

"Umeshampa?"

"Tangu Jumatatu."

"Kimbia," alisema. "Usinijibu. Kimbia."

Nilimpigia nesi nikiwa tayari juu ya bodaboda. Aliniambia nisirudi zahanati, niende moja kwa moja kwa mtoto, na dereva alipajua nyumbani kwao. Njia ile ya mchanga sikumbuki hata nusu yake. Nakumbuka nilikuwa nagawanya. Thelathini kwa mia. Sasa ilikuja yenyewe, rahisi kama maji: theluthi ya kidonge, si zaidi, na mimi nimempa kizima, mara tatu, jioni tatu, na dawa hiyo haitoki mwilini haraka, ya leo inaikuta ya jana. Vyote nilivijua. Vilikuwa kichwani mwangu muda wote na sikuwa nimewahi kuvigusa.

Mama yake alikuwa amekaa mbele ya nyumba anapukuchua mahindi. Aliponiona alisimama akafuta mikono, akafurahi kweli.

"Karibu, daktari! Umekuja kumwona mtoto? Dawa yako nzuri. Hajaanguka hata mara moja."

"Amekula leo?"

"Bado. Jana alinyonya kidogo. Amelala tu, kama ulivyosema."

Mtoto alikuwa kwenye mkeka kivulini mwa ukuta. Nilimwinua, na shingo haikushika kichwa. Nilimsugua kifuani kwa ngumi kama tulivyofundishwa. Akatoa sauti ndogo, nyembamba, akarudi alikokuwa. Alikuwa anapumua, polepole, pumzi moja ikichelewa mpaka nikadhani haiji, halafu inakuja.

"Mama," nikasema, "dawa imezidi. Nimekosea mimi. Twende hospitali sasa hivi."

Nilitegemea anipige. Alinitazama tu, kisha akamchukua mwanawe mikononi mwangu, akamfunga kwa kitenge mbele, si mgongoni, akapanda pikipiki. Tulikaa watu watatu na mtoto. Tulipokaribia Usinge, akasema jambo moja, bila kugeuka, na upepo ulitaka kulichukua lakini nililisikia:

"Ungenyamaza kuhusu usingizi, ningemleta siku ya pili."

Usinge tulipewa gari la wagonjwa hadi Kaliua. Alilazwa. Walimwekea maji, wakamlaza ubavu, wakamwangalia pumzi. Hakuna dawa ya kuirudisha ile nyuma, tabibu aliniambia, ni kusubiri mwili wenyewe. Nilisubiri nje ya wodi, kwenye benchi la saruji, kwa sababu mama yake hakutaka niingie. Treni ya Mpanda ilipopita ilipiga honi, nikafikiri, ningepanda nipotelee huko. Nilifikiri mambo mengine pia ambayo siyaandiki. Kaka alinipigia kila baada ya saa chache. Alikuwa anataka tu kusikia kwamba napokea simu.

Jumamosi saa nne asubuhi mtoto alifungua macho akatafuta ziwa. Nesi wa wodi alitoka kuniambia.

Chuoni tuliitwa mbele ya kamati, sote watatu. Mezani kulikuwa na mazungumzo ya kundi letu yamechapishwa, tangu mgonjwa wa kwanza wa kubuni hadi siku ya kopo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ni marefu vile. Dada alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Tulimjibu kidonge tunachokijua sisi," alisema. "Alisema 'ndivyo hivi', na sikuuliza vipi. Sikuona picha yoyote na sikuuliza."

Kaka alisimama. "Mimi ni mtu mzima, nimeuza dawa. Niliandika sawa. Mkimwadhibu, msimwache peke yake."

Mwalimu wetu alinigeukia. "Wewe ulipoliona kopo limeandikwa mia moja, ulifikiri nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu. Mtandao, kikao cha mganga, nesi kuwa na mzazi. Yote yalikuwa ya kweli.

"Sikufikiri, mwalimu. Nilisubiri wafikiri wao."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akaanza kufunua karatasi, moja baada ya nyingine. Dole gumba. Dole gumba. Sentensi ya kitabuni. Dole gumba. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza karatasi zikigeuka. Alipofika mwisho alizipanga upya zikalingana kingo, ingawa zilikuwa zimelingana tayari.

"Na mimi nilikuwa nasoma humu kila juma," alisema, si kwangu, bali kwa wenzake wa kamati.

Wenzangu walipewa barua za onyo. Mimi nikaambiwa nirudie mwaka. Niliposhuka Ulyankulu, mama alikuwa ameshasikia. Habari mbaya haingoji gari. Alinitengea ugali, akakaa kunitazama nikiushindwa. "Mtoto yu hai?" aliuliza kwa Kirundi, lugha ya ndani ya nyumba yetu. Nikamwambia yu hai. "Basi kula," akasema. Jumapili ile sikwenda kanisani, wala ile iliyofuata.

Nilidhani hapo ndipo chini kabisa. Miezi miwili baadaye nesi wa zahanati alinipigia. Yule mama alikuwa amekataa dawa yoyote ya kifafa. Walimletea vidonge vya thelathini, wakamwelekeza, akawarudishia. Mtoto alikuwa anaanguka mara mbili, tatu kwa juma, na siku moja aliangukia mafiga. Mkono wa kushoto umeungua, vidole viwili vimeshikana.

"Sikwambii ili nikuumize," nesi alisema. "Nakwambia kwa sababu nimeshindwa. Labda akikuona wewe."

Nilimwambia kaka, nikijua nisingeweza kwenda peke yangu. Alinisubiri stesheni ya Tabora na mfuko wa mkate, tukapanda treni hadi Kaliua. Kwa yule mama tulifika na nesi, asubuhi. Kaka akamwamkia kwa Kisukuma, akajieleza kwamba yeye ndiye aliyeandika "sawa" kwenye simu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mtoto alikuwa amekaa miguuni pake, mkono umefungwa bendeji, ananiangalia kama mgeni yeyote.

"Nyinyi mmekuja kuomba msamaha," mama alisema. "Nimesamehe, nendeni. Lakini kidonge simpi."

Nesi akaanza kumweleza tofauti ya thelathini na mia. Mama akamkatisha.

"Hesabu hata huyu alikuwa nayo." Alininyooshea kidole. "Usingizi ule niliuona mimi. Nilimwita mwanangu kwa jina hakugeuka. Akimeza hiki, akalala, nani atakaa na mimi kuutazama usingizi? Nyinyi mtakuwa kwenu."

Nikasikia mtu anasema, "Mimi nitakaa." Ilikuwa sauti yangu. Sikumtazama kaka kwanza, wala nesi.

Mama alinipima kwa macho muda mrefu. "Siku ngapi?"

"Utakazosema."

Nilikaa siku nane. Nesi alikuja kila jioni kumpa dawa kwa mkono wake, kwa sababu mimi sikuruhusiwa, na sikutaka. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, mama alinigusa bega na tulikaa wawili pembeni ya mkeka. Mimi nilihesabu pumzi kwa sauti, dakika nzima. Hakunihitaji kuhesabu kwa sauti, lakini siku ya kwanza nilifanya hivyo na hakunizuia. Kisha yeye anaita jina. Asubuhi ya pili mtoto alichelewa kugeuka, na mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Akaita tena. Mtoto akakunja uso, akalia kwa hasira ya kuamshwa.

Mchana nilichota maji na kupukuchua mahindi. Hatukuwa marafiki. Alinipa chakula kwanza kabla yake, kama mgeni, na hakuniita daktari tena, wala kwa jina jingine lolote. Siku ya tano mtoto alianguka mara moja, kidogo, mbali na moto. Tulimlaza ubavu, tukasubiri, ikapita. Mama aliniuliza kwa nini ameanguka na dawa anameza. Nilimwambia kwamba dawa haijajaa mwilini bado, kwamba huenda dozi ikahitaji kuongezwa kidogo, na kwamba mimi sijui ni kiasi gani. Mganga ndiye atampima uzito upya na kuamua. Akaitikia kwa kichwa polepole. Nadhani ni ile "sijui" iliyomwingia, kuliko maneno yote tuliyokwenda nayo.

Asubuhi ya nane aliita, mtoto akageuka mara moja akakaa. Mama akaenda ndani, akarudi na begi langu.

"Nenda kasome," alisema. "Nesi asije tena. Nitampa mwenyewe."

Sasa nasoma na kundi jingine, wadogo kwangu wote. Wananiona msumbufu, kila jibu nawauliza wamelipataje, na yangu nayaandika hatua kwa hatua hata yakiwa ya aibu. Bado nakosea. Mtihani wa hesabu uko mbele yangu na sijui kama nitaupita. Nesi ananiambia mtoto haanguki siku hizi, ila ule mkono hautafunguka bila upasuaji, na upasuaji uko mbali. Amejifunza kushika kijiko kwa mkono wa kulia.